Majina ya Walio Mbali

Mangobo, Kisangani
Tarehe 7 mwezi wa saba 2024

Josué, mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Barua hii nimempa Papa Juma, yule mzee wa baiskeli anayepeleka chumvi na sabuni huko kwenu Lomami na kurudi na mchele. Kama Yalombe kungekuwa na mtandao ningekupigia simu nikugombeze kwa sauti yangu mwenyewe, lakini umechagua kuhubiri mahali ambapo simu ni ya kuangalizia saa tu, kwa hiyo nakuandikia.

Habari yenyewe ni kwamba Mama hawezi tena kusoma. Macho yamefifia, na hata pumzi ya kumaliza sura nzima hana. Jioni miguu inavimba mpaka kandambili hazimwingii. Basi ibada ya asubuhi imeniangukia mimi. Unaujua utaratibu wa nyumba hii tangu tuko wadogo: kabla ya jua tunaketi sebuleni, wimbo mmoja, sura moja kwa kufuatana bila kuruka hata zile za nani alimzaa nani, kisha maombi, na katika maombi lazima kutaja majina ya watu wetu wote walio mbali, mmoja mmoja. Wewe uliyapenda mambo hayo ukawa mwinjilisti. Mimi niliyakwepa nikawa fundi cherehani. Sasa fundi ndiye anayesoma, na mwinjilisti anakula samaki wa Lomami.

Nikwambie ukweli, Josué, sina hamu. Naamka kwa sababu Mama anaamka na kukohoa upande wa pili wa ukuta mpaka nione aibu. Nasoma kama mtu anayesoma tangazo la mbuzi aliyepotea. Binti yangu Grâce ananisinzia begani. Kwa bahati tuko kwenye habari za Yusufu na ndugu zake, angalau kuna kisa, na mtoto anafungua macho ikifika njaa ya Misri.

Shida kubwa ni majina. Nikifika kwa Papy nanyamaza. Unajua nilimtaja mume wangu kila asubuhi kwa miaka mitatu tangu aende kwenye machimbo ya dhahabu, na hakurudi, hakuandika, hakutuma hata salamu ya mdomo. Nikaacha. Mama hajaacha. Mimi nikinyamaza yeye anamalizia, "na Papy, popote iko," na mimi nasaga meno kimya kimya.

Wewe ndiyo kazi yako. Mtu anafanyaje ibada kila siku wakati moyo haupo? Usinitumie mahubiri. Nieleze tu kama unavyomweleza mtu.

Dada yako,
Larissa


Yalombe, mto Lomami
Tarehe 28 mwezi wa saba 2024

Yaya Larissa, dada yangu mkubwa mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Nimefurahi kupata barua yako, na zaidi kusikia kwamba moto wa ibada bado unawaka nyumbani kwa Mama.

Unaniuliza mtu afanyeje moyo ukiwa haupo. Jibu la kwanza ni kwamba usiusubiri. Moyo una tabia ya mtoto wa shule, ukimngoja apende kwenda hataenda kamwe, lakini ukimshika mkono mtafika wote wawili. Weka saa moja na usiibadilishe. Keti kwanza, kisha ndipo uanze kujiuliza kama unataka. Soma kwa sauti hata ukiwa peke yako, maana sikio husaidia mahali ambapo nia imelala. Na kama maombi hayaji, sema machache na uondoke, usijilaumu kutwa nzima. Utamu utarudi kwa wakati wake. Mimi hapa kila asubuhi naingia kanisani peke yangu kabla ndege hawajaamka, na nakwambia, Yaya, ni saa nzuri kuliko zote katika siku yangu.

Kuhusu Papy sina la kukulazimisha. Mwache Mama amtaje, yeye ana nguvu hiyo.

Mwambie Mama kwamba jina lake ndilo la kwanza kinywani mwangu kila siku. Kabla sijataja kanisa, kabla sijataja wagonjwa, namtaja yeye. Mwambie pia miguu aiweke juu ya kiti jioni, na apunguze chumvi.

Kazi ya huku inaendelea. Nina watu wa kubatizwa mwisho wa mwezi wa kumi, wengi wao ni wazee, na wanajifunza polepole. Mvua imeanza kuharibu njia.

Ni mimi mdogo wako katika Bwana,
Josué


Mangobo
Tarehe 18 mwezi wa nane 2024

Josué,

Nilisema usinitumie mahubiri. Umenitumia mahubiri. Nilipomsomea Mama barua yako Grâce akasema amina mwishoni.

Hata hivyo nimejaribu ile ya kuketi kwanza na kuuliza baadaye. Inasaidia kidogo. Tena nikupe habari moja itakayokuchekesha. Juma lililopita tulifika kwenye zile sura za hema, mapazia yake, urefu na upana, vitanzi upande huu na vitanzi upande ule, na rangi za nyuzi. Wewe na wahubiri wenzako mnazikimbia, najua. Mimi nilizisoma kwa raha. Nilianza kupiga hesabu ya kitambaa kichwani, nikamwambia Mama kwamba fundi yule alijua kazi, maana aliacha nafasi ya kuunganisha. Mama akacheka, akasema kumbe Mungu naye ana mshonaji wake. Asubuhi hizo niliamka bila kukoholewa. Kisha mapazia yakaisha, tukarudi kwenye mengine, na usingizi ukarudi na mimi.

Umeme unakuja na kuondoka, maporomoko ya Tshopo yanayouzalisha sijui yanatukasirikia nini. Nashukuru mashine yangu ni ya kukanyaga kwa mguu. Nina sare za shule nyingi za kumaliza kabla madarasa hayajafunguliwa.

Mama anaumwa kidogo. Ukipata nafasi, uje. Usiwe na wasiwasi.

Grâce anakusalimu.

Dada yako,
Larissa


Yalombe
Tarehe 8 mwezi wa tisa 2024

Yaya Larissa,

Nimeelewa.

Nilifungua barua yako mbele ya Papa Juma. Nilipofika mwisho nikamuuliza, Mama yukoje hasa? Yule mzee akavua kofia yake, akatazama chini, akasema, "Mambo ya nyumba utasikia ku nyumba, mwanangu." Akapanda baiskeli bila kunywa chai. Papa Juma hajawahi kukataa chai yangu.

"Anaumwa kidogo, ukipata nafasi, uje." Ndivyo walivyoniandikia nikiwa shule ya Biblia, wakati wa Papa Wenceslas. Unakumbuka nilivyofika na dawa mfukoni, na machungwa, nikakuta kaburi la baba yetu limeshaota majani. Ndivyo tulivyo sisi. Mtu aliye mbali hatumwambii kwamba mzazi wake amekufa. Tunamwambia anaumwa, ili asianguke njiani, na msiba anaukuta mlangoni. Sikulaumu, Yaya. Mimi mwenyewe nimewaandikia watu hivyo hivyo kwa niaba ya jamaa zao hapa.

Nimenyoa nywele. Kanisa wameketi nami, wanawake wamepika, wazee wamelala nje pamoja nami karibu na moto. Waliimba vizuri sana. Niliwaeleza Mama alikuwa mtu wa namna gani na watu wasiomjua walimlilia.

Kwa kuwa amekwisha kuzikwa, sitakimbia. Njia imeharibika, madaraja mawili yamekwenda na maji, na hawa wa kubatizwa nikiwaacha sasa watatawanyika. Mwisho wa mwezi wa kumi nikimaliza nitakuja, tutalia pamoja na tutaona la kufanya na nyumba.

Sasa nina neno ambalo siwezi kumwambia mtu wa hapa, kwa sababu kwao mimi ndiye wa kuambiwa. Yale niliyokuandikia mwezi wa saba kuhusu saa nzuri kuliko zote, hayakuwa kweli. Nilikuandikia kama ninavyohubiri. Kwa muda mrefu sasa naingia kanisani asubuhi na nakaa pale kama gogo. Nafungua Neno, macho yanapita juu ya mistari, hakuna kinachoingia. Naomba, maneno yanaishia midomoni. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanitoa kitandani, nacho ni jina la Mama. Nilisema, nitaamka nimtaje Mama, halafu nirudi kulala. Nikimtaja, wakati mwingine majina mengine yalifuata, wakati mwingine hayakufuata. Lakini hilo moja sikulikosa.

Sisi hatuwaombei waliokufa. Umenisikia nikilifundisha hilo mara nyingi, na Mama mwenyewe alitufundisha. Asubuhi ya kwanza baada ya barua yako niliamka, nikaingia, nikafungua mdomo, na jina lake likaja kama kawaida. Nikalizuia. Nikatafuta jingine la kuanza nalo, sikuona. Nikatoka. Tangu siku ile nalala mpaka jua liko juu. Jumapili nahubiri kwa akiba ya zamani, na watu wanasema msiba umenipa upako.

Niombee, kama bado unaamka. Ingawa sijui utaamka kwa ajili ya nani sasa.

Josué


Mangobo
Tarehe 29 mwezi wa tisa 2024

Josué,

Mama yuko hai.

Narudia, kwa sababu wewe ni mtu wa kusoma mstari na kutafuta maana yake chini. Hapa hakuna chini. Mama Philomène, mama yetu, yuko hai, yuko sebuleni, ameketi kwenye kile kiti cha Papa na miguu juu ya kiti kingine, na sasa hivi ananiuliza nimeandika nini.

Barua yako ilinikuta kibandani sokoni. Nilipofika pale unaposema umenyoa nywele, mguu uliacha kukanyaga mashine, na mteja akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nilikimbia nyumbani nikamwone kwa macho, ingawa nilikuwa nimemwacha asubuhi akimgombeza Grâce.

Kosa ni langu. Nilisahau kabisa habari ya Papa. Wewe ndiye uliyefika na machungwa, mimi nilikuwa hapa, kwa hiyo maneno yale kwangu hayana kovu. Papa Juma naye nilimwambia asikutie hofu, na unavyomjua, mtu akimwambia asiseme jambo anaogopa hata kunywa chai, asije akasema.

Lakini "kidogo" lilikuwa neno la uongo, na hilo nalikiri mbele yako. Daktari alisema moyo wa Mama umechoka na maji yanapanda kutoka miguuni. Alisema nisitegemee Noeli. Mama alinikataza kukutisha, akasema una kazi ya Mungu huko. Na mimi mwenyewe, nilipofika mahali pa kuandika, mkono haukutaka kuandika zaidi ya kidogo.

Sasa sikia yaliyotokea. Mama aliniona nimeshika barua, akataka nimsomee. Nikamwambia unasalimia tu. Akasema salamu gani inahitaji kurasa mbili, nisome. Basi nikasoma yote, hata yale ya kulala mpaka jua liwe juu, kwa sababu hana macho lakini masikio yake yanajua mtu akiruka. Nilipomaliza nilidhani atalia. Aliniuliza, "Waliimba wimbo gani?" Nikamwambia hujaandika. Akacheka mpaka kifua kikamkaba na nikamshika mgongo. Alipoongea tena hakuwa anacheka. Nakuandikia kama alivyosema:

"Umwambie mi niko. Asinitoe mu maombi. Aamuke aniite, hata kama hasikie kitu mu roho. Mi pia miaka mingi sikusikia kitu, na niliwaita tu."

Josué, mimi nimeishi na Mama maisha yangu yote na sikulijua hilo. Nilidhani yeye anaamka kwa furaha. Niliukasirikia uimara wake tangu utoto, nikisema huyu ameumbwa hivyo, mimi sikuumbwa hivyo. Kumbe alikuwa anaamka kama mimi ninavyoamka.

Jana tulifika kwenye sura moja ndefu ya kuchosha, unaijua, ile ya wakuu wa makabila wanaoleta sadaka, kila mmoja na siku yake. Wa kwanza analeta sahani ya fedha, na bakuli, na uvumba, na wanyama kadhaa. Wa pili analeta vilevile. Wa tatu vilevile. Na kila mmoja ameandikwa tena kwa ukamilifu kama kwamba hakuna aliyetangulia. Nilipofika wa tano nikamwambia Mama, wote wameleta kitu kilekile, niruke nifike mwisho? Akasema, "Hapana. Ule wa mwisho naye alileta yake. Soma." Nikasoma wote. Grâce alilala, sauti ilinikauka, na sikupata upako wowote. Lakini leo asubuhi niliamka kabla hajakohoa.

Njoo sasa. Waache hao wa kubatizwa, maji ya Lomami hayaendi kukauka. Mama anakusubiri, na anasema hivyo waziwazi, yeye ambaye hajawahi kumwomba mtoto wake arudi. Papa Juma anaondoka kesho na barua hii, na safari hii nimemruhusu aseme kila kitu.

Dada yako,
Larissa


Mangobo
Tarehe 17 mwezi wa kumi 2024

Josué, mdogo wangu,

Barua hii nampelekea Papa Juma ng'ambo ya mto, Lubunga, kwenye kivuko, ambapo baiskeli zote za njia ya Opala zinafikia. Nimemwomba akupe mkononi kabla hujavuka mto, na asikwambie kwamba utasikia nyumbani.

Mama amekufa leo asubuhi.

Naandika neno lenyewe. Wajomba wamenikataza. Wanasema mtu aliye njiani haandikiwi hivyo, wanasema nikuache uvuke, watakupokea gatini na kukushika mikono. Lakini sisi wawili tumeshaona neno la kuficha lilitufanyia nini. Nataka ulipate kwangu, ukiwa umeketi, na ulie kadiri unavyotaka kabla macho ya watu wote hayajakuangukia.

Alijua unakuja. Papa Juma alifika juzi akatuambia mliondoka Yalombe pamoja, kisha homa ikakulaza njiani, akakuacha kwa watu wema na kutangulia. Mama alisikia. Alimuuliza Papa Juma kama umekonda. Tangu hapo kila pikipiki ikipita barabarani alinyamaza na kusikiliza, mpaka Grâce akaanza kutoka nje kutazama kwa niaba yake. Siwezi kukuficha hilo. Alikungoja.

Sasa nikueleze asubuhi yenyewe. Hakukohoa. Niliamka mwenyewe, nikawasha taa, nikamkuta macho wazi. Nikamuuliza kama tusome au apumzike. Akanionyesha kwa mkono, soma. Wimbo niliimba peke yangu, vibaya. Sura ilikuwa ile ya kuhesabiwa watu upya jangwani, majina matupu, wana wa fulani kwa jamaa zao, na wana wa fulani kwa jamaa zao. Grâce alikuwa ameketi miguuni pake. Nilikuwa nimefika katikati hivi niliposikia pumzi yake imebadilika. Ikaenda, ikakaa mbali, ikarudi. Nikaendelea. Ikaenda tena na haikurudi.

Nilijua, Josué. Sikuhitaji kuinua macho. Kila kitu ndani yangu kilitaka kupiga kelele. Lakini Mama hajawahi kukubali sura ikatwe katikati, hata siku askari walipopita barabarani kutoka kambi ya Kapalata wakipiga risasi hewani na sisi tumelala chini ya meza, alisoma mpaka mwisho. Nikasoma. Makabila yaliyobaki yote, jamaa kwa jamaa. Mtoto akanitazama, nikampa ishara akae. Nilipomaliza nikafanya maombi, nikataja majina. Nilikutaja wewe, uliye njiani na homa. Nilimtaja na Papy, popote alipo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kunimalizia. Kisha nikafika mahali ambapo ningesema amina na yeye angeitikia. Nikasema peke yangu. Ndipo nikamfunga macho, na ndipo nikalia, na majirani wakaja.

Usidhani nilisikia kitu kikubwa. Sikusikia. Nilikuwa na baridi, na koo limekauka, nikasoma tu.

Mazishi ni Jumamosi. Tutakungoja. Kesho kabla ya jua nitaketi tena na kusoma inayofuata, ingawa nyumba imejaa watu na sijui nitasoma kwa ajili ya nani. Uliniuliza hilo mwezi uliopita ukiwa umekosea, na sasa si kosa tena.

Vuka salama.

Larissa


Lubunga, kwenye kivuko
Tarehe 18 mwezi wa kumi 2024, jioni

Yaya Larissa,

Nimefika. Papa Juma alikuwa ameketi juu ya gunia akinisubiri tangu jana, hakutaka hata kwenda kuswali Ijumaa kwa kuogopa nipite. Alinipa barua yako kwa mikono miwili, akaketi chini mchangani karibu nami mpaka nilipomaliza kuisoma.

Mtumbwi wa mwisho umejaa, kuna msafara wa wagonjwa na mizigo yao, na wenye injini wanasema mvua inayokuja hairuhusu safari nyingine leo. Nimemwomba mama mmoja anayekwenda Mangobo akupe karatasi hii. Nitavuka kesho na wa kwanza. Naziona taa za upande wenu, zile chache zilizowaka.

Nimepiga hesabu ambayo sikutaka kuipiga. Zile siku nilizokaa Yalombe nimenyoa nywele, nikimlilia Mama aliyekuwa kwenye kiti akimgombeza Grâce, ndizo zingenitosha kufika. Ningefika mzima, kabla ya homa, ningemwita jina mbele ya uso wake. Badala yake nililala mpaka jua liwe juu. Nililia kweli, Yaya, na machozi yale yalikuwa ya bure, na leo ninayo haya mengine. Sijui kama nitajisamehe. Sikuandikii ili uniambie nijisamehe.

Tangu barua yako ya Mama yuko hai niliamka kila siku na kumtaja. Hata kwenye homa, kwa watu wale walionihifadhi, nilisema jina lake kabla hawajawasha moto. Jana asubuhi pia nilimtaja. Huenda alikuwa tayari amekwenda. Nimeketi hapa nikijiuliza kama nilikosa, na nimeona sitaki kujua.

Kesho Jumamosi mtanipokea, na wajomba watanipa Biblia mkononi kwa sababu mimi ni mwinjilisti, na nitasema vizuri, unanijua. Lakini hayo ni ya mchana. Kabla ya jua nitakuwa bado huku. Ukiwa umesoma leo kama ulivyosema, basi sura ya kesho ni ile ya mwana-kondoo wa kila siku, mmoja asubuhi na mmoja jioni, bila kukosa. Usinisubiri ili uanze. Wewe soma sebuleni, mimi nitasoma huku mchangani kwa sauti, na Papa Juma amesema ataamka kuswali alfajiri yake hapo kando, kwa hiyo sitakuwa peke yangu.

Uliuliza utasoma kwa ajili ya nani. Mimi nami sina hamu, Yaya. Nimechoka, mwili unauma, na ndani ni pakavu kama nilivyokuandikia. Lakini nimepekua maombi yangu ya miaka yote hii nikitafuta mtu wa kuanza naye kesho, na nimeona aibu. Nimewataja walio gerezani, nimetaja wachimba dhahabu, nimemtaja hata Papy. Wewe sikukutaja hata siku moja. Nilijua uko nyumbani, karibu na Mama, nikaona wewe si mmoja wa walio mbali, huhitaji.

Kesho jina la kwanza ni Larissa.

Mdogo wako,
Josué